Midomo inakataa kupanda, na Pasaka inakuja

Shikamoo mama.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi huku Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Mchana nauza kwenye duka la pembejeo la kaka yangu. Jioni tatu kwa wiki nipo kanisani kwenye bendi ya matarumbeta. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la sita, na huu ni mwaka wa nne napiga sauti ya kwanza. Katika ushirika wetu hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kiti hicho kabla yangu. Silisemi kwa majivuno, nalisema ili uelewe kwa nini usingizi umenikimbia.

Tatizo lenyewe ukilisikia utaona dogo. Tarumbeta ina vitufe vitatu tu, kwa hiyo sauti nyingi huzipati kwa vidole, unazitafuta kwa mdomo. Bila kubonyeza kitu unatoa do ya chini, so, do ya juu, mi, so ya juu. Kuzipiga moja moja kwa ulimi, tu-tu-tu, hilo naliweza. Kuteleza ndiko kunanishinda, yaani pumzi moja isiyokatika itoke so, ipande do, ifike mi, irudi. Katikati sauti inakwama kama gari kwenye tope, halafu inachomoka kwa kishindo. Miaka yote nimeficha kwa ulimi. Sasa mwalimu ameleta mpangilio mpya wa Pasaka, wimbo wa taratibu, na ubeti wa tatu kaniandikia mimi peke yangu, mitelezo mitupu. Ni alfajiri, makaburini, watu wamenyamaza, na ngoma ya kunifunika haipo.

Dawa ya mwalimu ni moja: "Kaza, vuta pembe za mdomo kama unacheka, gandamiza." Nikigandamiza mi inatoka kweli, lakini nyembamba kama bawaba isiyo na mafuta. Baada ya nusu saa mdomo wa juu unakufa ganzi. Zamani alama ya duara ilikuwa inafutika kabla sijafika nyumbani, siku hizi naenda kulala nayo. Mwalimu akiiona anafurahi, anasema huo ndio muhuri wa mpuliza tarumbeta. Yeye mwenyewe ana mstari mweusi mdomo wa juu, ingawa ni kama miaka 6 sasa hapulizi, anaongoza kwa mkono tu, anasema meno yanamsumbua.

Tangu Septemba najifunza kwa siri kwenye simu. Bando linaniisha kwa walimu wa Ulaya na Marekani ambao wote wanasema kinyume: usigandamize, usitabasamu, anza chini, pumzika. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikafuata wanavyosema. Sauti ikawa mbaya kuliko ya mtoto anayeanza, na mi haikutoka kabisa. Wiki mbili nikakata tamaa, nikarudi kugandamiza. Nimejaribu tena mara mbili, hivyo hivyo. Sasa hata mwenyewe sijui napuliza kwa njia ipi.

Kuna kijana wa miaka 19, anapiga sauti ya pili. Anateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Ukimwuliza anafanyaje, anacheka tu. Midomo yake myembamba. Mwezi uliopita mzee mmoja wa bendi alinitania mbele za watu kwamba midomo minene kama yangu Mungu aliiumbia tuba, ile ala kubwa ya sauti nzito. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Halafu kuna bendi ya harusi Mbeya mjini inaniita. Shilingi 30,000 kila harusi, chakula juu yao. Huko ni kupuliza kwa nguvu tu, mtelezo hauna anayeujali.

Mama, nimwambie mwalimu aniondolee ubeti ule? Baba yangu alipofariki, mwalimu huyu ndiye aliyenipa tarumbeta yake mwenyewe, akaniambia nisiache. Nitaanzaje kumwambia njia yake inaniumiza? Au nivumilie mpaka Pasaka ipite? Au niage kwa heshima niende zangu harusini?

Ndaga fijo, asante sana.

Mdomo Mzito, Rungwe

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usingizi, na pole zaidi kwa lile cheko ulilocheka pamoja nao.

Mimi sijawahi kupuliza tarumbeta. Kwa hiyo nilichukua barua yako, nikaficha jina la mahali, nikampelekea mzee mmoja jirani yangu aliyestaafu bendi ya polisi. Aliisoma mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni, akavua miwani, akaniuliza: "Wewe mama unajua kupiga mluzi?" Nikamwambia tulikatazwa, mluzi wa usiku unaita nyoka, na msichana hata mchana hapigi. Akasema basi leo nyoka waje. Nikapiga. Akaniambia nianze chini nipande juu kabisa bila kukata pumzi, huku nimeweka kidole kwenye midomo.

Midomo yangu haikusogea, au ilisogea kidogo mno hata kidole hakikujua. Kilichosogea ni ulimi. Chini ulikuwa umelala, kama mtu anayesema "aaa", na kadiri mluzi ulivyopanda ndivyo mgongo wa ulimi ulivyoinuka kuelekea kaakaa, "iii". Nafasi iliyo mbele ya ulimi inakuwa ndogo, na sauti inapanda. "Huo ndio mtelezo," akasema. "Huyo binti anatafuta kwa midomo kitu ambacho kiko nyuma ya meno."

Jaribu na wewe kabla hujaendelea kusoma.

Nilidhani ni ujuzi wa wazee tu, kumbe wenye mashine wameshautazama. Sarah Willis, mpiga honi wa okestra ya Berlin Philharmonic (honi ni ile iliyojizungusha kama konokono), aliingia ndani ya mashine ya MRI huko Göttingen, Ujerumani, akapuliza amelala chali huku picha za ndani ya mdomo wake zikichukuliwa. Kwenye picha zile ulimi unaonekana ukiinuka na kushuka kila anapovuka kutoka sauti moja kwenda nyingine. Kwa hiyo walimu wako wa kwenye simu hawakukudanganya. Ila hawakuoni, na wewe huwaoni wakikutazama. Hapo ndipo penye shida ya kujifunza migombani peke yako.

Sasa turudi kwenye lile tope lako. Mstaafu anasema bomba la tarumbeta lina ngazi zake. Do, so, do, mi, so: hapo katikati hakuna pa kukanyaga, sauti ni lazima iruke. Na ukizitazama vizuri, ngazi hizo zinakaribiana kadiri unavyopanda. Kutoka do ya chini kwenda so ni mbali, so kwenda do karibu kidogo, do kwenda mi karibu zaidi. Maana yake huko juu unahitaji kusogea kidogo kuliko chini. Watu wengi, na wewe naona umo, hufanya kinyume: ngazi inapokuwa fupi ndipo wanapopiga hatua ndefu. Wanakaza, wanagandamiza, na kwa sekunde ile wanaachia pumzi, kama dereva anayeondoa mguu kwenye mafuta katikati ya mlima. Gari likizima, kosa halipo kwenye matairi. Na mdomo uliobanwa kati ya chuma na meno hauwezi kutetemeka vizuri. Usipotetemeka hakuna sauti, unagandamiza zaidi, nao unazidi kushindwa kutetemeka.

Hapa naomba nikuulize kwa upole juu ya zile wiki mbili. Unasema ulipoacha kugandamiza sauti ikawa ya mtoto, ukahesabu kwamba njia mpya imeshindwa. Je, mtu aliyetembelea fimbo miaka mingi, ukimnyang'anya, wiki mbili za kwanza atatembeaje? Huenda ile sauti mbaya ndiyo nguvu halisi ya misuli yako, bila fimbo. Si habari nzuri, najua. Nilimwuliza mstaafu inachukua muda gani. Akasema miezi, na hakutaka kutaja mingapi.

Alichonionyesha ni kidogo mno, nilitarajia zaidi. So, do, so. Basi. Mi huigusi kwanza. Kila sauti sekunde 4, kwa sauti ya chini kama unayezungumza na mtoto aliyelala, pumzi haikatiki. Kisha unabonyeza kitufe cha 2 na kurudia yale yale, nusu sauti chini. Kisha cha 1. Kisha 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3, mwisho vyote vitatu. Ni mizunguko 7, na baada ya kila mmoja unashusha tarumbeta, unapumzika muda ule ule uliopuliza. Mtelezo ukikwama husukumi, unarudi so na kuanza tena. Pembe za mdomo zinakaa mahali pake, imara lakini hazivutwi kuelekea masikioni. Ile ya kutabasamu, alisema, naye alifundishwa hivyo hivyo ujana wake, na waliomfundisha walifundishwa hivyo hivyo. Wapulizaji wengi duniani walipita humo kabla watu hawajaanza kuiacha. Ukiivuta midomo kama mpira inakuwa myembamba, na ikiwa myembamba inadai kugandamizwa. Mwalimu wako hakukutungia uongo. Alikupa alichopewa.

Kuhusu unene wa midomo, mstaafu alicheka mpaka akaketi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani waliyemwita Satchmo, jina la utani lililotokana na ukubwa wa mdomo wake, midomo yake ilikuwa minene kuliko yako na yangu, na hakuna aliyewahi kumpeleka kwenye tuba. Kijana wako wa miaka 19 anateleza kwa sababu ulimi wake umepata njia bila kuitafuta. Ndiyo maana hawezi kukueleza. Lakini nisikutajie Armstrong nusu nusu. Mtu huyo aligandamiza sana. Midomo yake ilipasuka na kuota makovu, na katikati ya miaka ya 1930 ilimlazimisha kuweka tarumbeta chini kwa miezi. Mwaka 1982 daktari mpasuaji alipoandika kuhusu kuchanika kwa msuli wa mdomo kwa wapiga tarumbeta, aliupa ugonjwa huo jina lake: Satchmo.

Kwa hiyo kuhusu ganzi, na alama unayolala nayo, nitakuwa mkali kidogo. Alama inayofutika ndani ya saa moja wapulizaji wanaijua. Ganzi ya kila mazoezi ni jambo jingine. Ukiona uvimbe, maumivu ya kuchoma, au sehemu moja ya mdomo ambayo haishiki kabisa hata umepumzika siku kadhaa, mwone daktari kabla hujamwona mtu mwingine yeyote, mimi nikiwemo.

Nirudi sasa kwenye ulichoniuliza. Umenipa milango mitatu, na kila mmoja una upepo wake.

Kuvumilia mpaka Pasaka unaweza. Ubeti utapita, hata kwa bawaba isiyo na mafuta. Lakini utakuwa unafanya so-do-so alfajiri na kugandamiza jioni, mwili mmoja unaopewa amri mbili, na mstaafu anasema hapo mazoea ya zamani ndiyo hushinda, kwa sababu ndiyo yanayolipwa sifa. Pia usisahau baridi ya kwenu. Aprili, mvua, alfajiri, kikombe cha kupulizia kimekuwa barafu: midomo inakakamaa na tarumbeta nzima inashuka sauti. Vyovyote utakavyoamua, siku hiyo kiweke kikombe kwapani mpaka dakika ya mwisho. Hilo nimeambiwa nikuandikie bila kukosa.

Harusi zina pesa, na pesa si dhambi. Ila utapuliza saa nyingi juu ya gari la wazi linaloruka kwenye matuta, chuma mdomoni, na kila tuta litagonga meno. Unasema huko mtelezo hauna anayeujali. Wewe hutaujali? Uliyeanza kujifunza Septemba kwa bando lako, bila mtu kukutuma, nina shaka kama utakaa kwa raha mahali ambapo hakuna anayekusikia vizuri. Huenda nimekosea. Huenda umechoka kusikiwa, na kupumzika huko kungekufaa kwa muda.

Kumwomba mwalimu akuondolee ubeti, pengine hata ushuke sauti ya pili, ndio mlango unaouogopa zaidi. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu kiti chako si chako peke yako. Kuna wasichana wa darasa la sita wanaokitazama. Ukishuka watasema mwanamke ameshindwa. Lakini sauti ya pili inapita katikati, pale pale penye so na do unapotaka kupajenga upya, na miezi kadhaa huko ingekupa mazoezi bila vita. Hatari yake ni kweli pia: vitini watu wakihama, kurudi si rahisi kila mara.

Na kuna njia hujaitaja, nayo ni ya kawaida kwenye bendi kubwa. Mpiga wa kwanza hugawana kazi na msaidizi, mmoja anapuliza, mwingine anapumzisha mdomo, kisha wanapokezana. Je, ubeti ule ungegawanywa, wewe mstari, yule kijana wa sauti ya pili mstari? Ungempoteza mshindani na kumpata mtu wa kusimama naye ubavuni. Au ungejisikia umenyang'anywa nusu. Sijui. Wewe ndiye unayemjua huyo kijana na cheko lake.

Kitu kimoja kidogo kabla sijafika kwa mwalimu. Umeandika kwamba makaburini hakuna ngoma ya kukufunika. Desturi hiyo ya alfajiri ya Pasaka Wamoravian waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipokwenda kuimba kati ya makaburi jua likichomoza, na wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Karibu miaka 300 watu wanasimama kwenye umande ule, na kila mmoja anatazama kaburi la mtu wake. Baba yako yumo pale? Kama yumo, basi naona huo ubeti una uzito ambao hukuuandika, na pengine mwalimu alikuwa na sababu ya kukupa wewe.

Huyo mwalimu sasa. Unauliza utaanzaje kumwambia njia yake inakuumiza. Lakini angalia umeandika nini juu yake, sentensi moja uliyoipita haraka. Ana mstari mweusi mdomoni. Miaka 6 hapulizi. Anasema ni meno. Inawezekana ni meno kweli, wazee wengi wa tarumbeta huwaishia hapo. Inawezekana pia ni mdomo, na kwamba mtu anayekwambia "gandamiza" anajua mwisho wa barabara hiyo kuliko wewe na hajapata wa kumwambia. Tarumbeta unayopuliza ni yake. Mtu hatoi chombo chake anachoweza bado kukipiga.

Sikwambii uende kumshtaki, wala kumwonyesha video. Nenda siku isiyo ya mazoezi, mbebee mkungu wa ndizi kama mtoto anavyokwenda kwa mzazi, tarumbeta uiache nyumbani. Mwulize aliacha lini kupuliza, na siku ya mwisho ilikuwaje. Kisha nyamaza, umwache azungumze.

Ukishatoka huko, niandikie. Mstaafu wangu naye anataka kujua. Tangu juzi ametoa tarumbeta yake kabatini, na kila asubuhi nasikia ukutani: so, do, so.